Zamu ya Kukaa na Gwamaka

Mashine ilikataa tena vidole vya Tusajigwe. Aliviweka juu ya kioo, akasubiri, kioo kikawaka wekundu hafifu, na sauti ya kike ikamwambia aviondoe, avifute, avirudishe. Akavifuta kwa kitenge. Utomvu wa maparachichi ulikuwa umeingia ndani ya ngozi, hausikii hata sabuni ya unga.

"Unafanya kazi kiwandani?" aliuliza ofisa aliyekuwa nyuma ya meza. Aliitwa Nuswe, mwanamume wa makamo aliyevaa sweta la kijivu, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu.

"Kwenye kufungasha."

"Wafungashaji wote hamsomeki. Jaribu gumba."

Gumba lilisomeka. Tusajigwe alishusha pumzi, akakaa. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati, na kwenye benchi nyuma yake wazazi wengine walikuwa wamekaa na bahasha zao mapajani, kimya, kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Yeye mwenyewe alishakuja hapa akarudishwa kwa sababu jina lake kwenye cheti lilizidi herufi moja. Akaja akaambiwa mtandao umelala. Akaja akamkuta ofisa amekwenda msibani. Kila safari aliomba ruhusa kazini, na msimamizi wake alishaacha kumjibu, alikuwa anainua tu mkono.

Alichokuwa akikiomba ni kukaa darasani. Katika Shule ya Msingi Itekela masomo yalifundishwa na kuta. Ukuta mmoja wa kila darasa ulikuwa unawaka asubuhi, unazungumza, unauliza maswali, unamjua kila mtoto kwa jina lake na kwa makosa yake ya hesabu. Mwalimu wa damu na nyama alikuwa mmoja tu kwa shule nzima, Mwalimu Chengula, naye alishinda akikimbia kutoka chumba hiki kwenda kile. Kwa hiyo sheria iliweka sharti: ukuta usiwake mpaka awepo chumbani mtu mzima aliyehakikiwa. Mtu huyo walimwita mzazi wa zamu. Halipwi. Anakaa nyuma, anapeleka watoto chooni, anagawa uji, anaamua ugomvi wa kalamu. Binti yake Tusajigwe, Lugano, alikuwa darasa la pili, na wazazi wa zamu wa darasa la pili walikuwa wanaisha.

Nuswe alisoma kioo chake kwa muda.

"Huna kosa," alisema. "Hata faini ya baiskeli huna." Kisha akakuna kidevu. "Ni ukaribu wako, mama."

"Ukaribu na nani?" aliuliza Tusajigwe, ingawa alijua.

"Gwamaka Mwasulama."

"Ni kaka yangu."

"Ndivyo inavyosema hapa."

Tusajigwe alitazama bangili yake. Kila mtu alikuwa nayo, ya kijivu, nyembamba, unavishwa siku unapopewa kitambulisho. Haikusikiliza maneno. Ilipima tu: umekaa na nani, mmekaribiana kiasi gani, kwa muda gani, mmesemeshana kwa sauti ya chini au ya juu, chakula cha nani kimeingia nyumbani kwa nani. Jioni ilifanya hesabu. Aliyewahi kumdhuru mtoto haruhusiwi shuleni, hilo lilikuwa la zamani na hakuna aliyelibishia. Baadaye wakaongeza kwamba na aliye karibu naye sana haruhusiwi.

"Mimi ndiye ninayempelekea chakula," alisema Tusajigwe. "Nikiacha mnamchukua."

"Si sisi. Hiyo ni idara ya uangalizi." Nuswe alinyoosha kidole kwenye mlango wa pili wa korido. "Wao mtu akitoka gerezani wanamwacha akae kwao, mradi ana watu walio karibu naye. Akibaki peke yake wanampeleka bwenini, kule bonde la Usangu. Wanatumia kipimo hikihiki tunachotumia sisi. Ila wao wanataka kiwe juu, sisi tunataka kiwe chini."

Hakucheka aliposema hivyo. Inaonekana alishawaambia watu wengi.

"Wao wanajumlisha watu wake wote pamoja," aliendelea. "Sisi tunapima mmoja mmoja."

"Watu wake wote ni mimi."

"Basi poza. Punguza kwenda kwake. Sasa uko kwenye nyekundu, lakini kipimo kinashuka chenyewe, polepole. Kikifika njano njoo, nitakupitisha."

"Na yeye?"

"Kaulize mlango ule."

Alikwenda kwenye mlango ule. Ulikuwa umefungwa, na mama wa usafi aliyekuwa akipiga deki alimwambia wenyewe wako semina Mbeya.

*

Langoni pa shule, asubuhi, Baba Anyisile alitoka kupokea ndoo ya uji. Alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa alikuwa amebaki peke yake darasa la pili, alikuwa anakuja na kazi zake. Shingoni alikuwa na futi ya kupimia, na kwenye shati lake zilikuwa zimechomekwa sindano. Tusajigwe alisimama nje ya mstari wa njano uliochorwa chini. Akiuvuka bila kuhakikiwa, lango lingepiga kelele na Mwalimu Chengula angelazimika kuja kuandika maelezo.

"Umepita, Mama Lugano?"

"Sijapita."

Baba Anyisile hakuuliza kwa nini. Siku hizi watu hawakuulizana. Mama Tumpe aliondolewa kwa sababu ya shemeji, baba mwingine kwa sababu ya mpangaji wake, na mwingine hakuambiwa sababu, lango tu lilimkataa asubuhi moja akiwa na mtoto mkononi.

"Mimi nimechoka, sikufichi," alisema. "Wateja wamehamia kwa Mwakyoma. Nikirudi nyumbani nakuta sare za kwaya zinanisubiri, mikono haitaki. Nitamaliza wiki hii. Wiki ijayo siji."

"Nani atakaa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Tusajigwe alimwona Lugano akiingia darasani, mgongo wake mdogo na begi. Mwaka uliopita ukuta ulizimwa muhula mzima kwa kukosa mtu, watoto wakaambiwa wasomee nyumbani kwa bangili za masomo. Lugano alirudi shule akiwa ameusahau ukurasa aliokuwa anausoma bila kukwama. Alilia kwa aibu, akajificha chini ya kitanda, na aliyemtoa huko kwa uvumilivu, herufi kwa herufi, alikuwa mjomba wake Gwamaka.

*

Gwamaka alikuwa anakaa kwenye nyumba ya marehemu mama yao, nyuma ya migomba. Zamani alikuwa mwalimu, kabla kuta hazijafika shule ile ya kule Kyela alikofundisha. Siku moja alimpiga mwanafunzi kwa rula ya mbao. Mtoto huyo, Subilaga, alipoteza jicho. Gwamaka alihukumiwa, akakaa ndani miaka mingi, akatoka akiwa na mvi na tabia ya kusimama kila mtu anapoingia chumbani.

Alisimama dada yake alipoingia.

"Wamekukataa kwa ajili yangu," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Umeingia kama mtu aliyekataliwa."

Tusajigwe aliweka sufuria ya ndizi mezani. Ndipo alipoona kwamba juu ya kigoda kulikuwa na nguo zimekunjwa vizuri, shuka juu yake, na viatu vimefungwa kamba pamoja.

"Umeshafunga mizigo, kaka?"

"Nilijua itafika hapa. Acha kuja, Tusa. Mashine haijakosea juu yangu. Yule mtoto nilimpiga mimi. Sikuwa nimelewa, wala hakunichokoza. Alikuwa amecheka tu, hata sijui alikuwa anacheka nini."

"Juu yangu imekosea."

"Labda."

Alijibu kwa upole mno, na upole ule ndio uliomuudhi Tusajigwe. Alikaa chini, akatazama zile nguo. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hasira ilimjia bila nguvu, kama homa ndogo.

"Huko bwenini hakuna anayekujua," alisema. "Hakuna atakayekuuliza kitu. Utakula, utalala. Ndiyo maana unataka kwenda."

Gwamaka alichukua kijiko, akakirudisha.

"Na wewe unataka nibaki ili iweje?"

Tusajigwe alimsogezea sufuria. "Ili mtu akiniuliza kaka yako yuko wapi, niwe najua."

Walikula. Mvua ilipita, ikarudi. Alipoondoka alizichukua zile nguo kutoka kwenye kigoda, akazirudisha kwenye sanduku la mama yao moja moja, na Gwamaka akamwangalia bila kumzuia.

*

Wiki iliyofuata ukuta wa darasa la pili haukuwaka. Watoto walikaa wakitazama simiti nyeupe, Mwalimu Chengula akiingia na kutoka, mpaka mkaguzi wa mbali alipogundua kwamba chumba kina watoto bila mtu mzima na kutoa amri warudishwe nyumbani. Tusajigwe alimpeleka Lugano kiwandani, akamkalisha juu ya kreti tupu karibu naye.

Yeye alikuwa akipanga maparachichi. Boksi likizidi uzito, mzani unalia, naye anatoa parachichi moja na kuliweka kwenye boksi la jirani. Shehena inabaki ileile. Alikuwa amefanya hivyo tangu asubuhi bila kuwaza lolote, ndipo maneno ya Nuswe yakamrudia jinsi alivyoyasema. Wao wanajumlisha. Sisi tunapima mmoja mmoja.

Alisimama na parachichi mkononi mpaka jirani yake akamgusa kiwiko.

Alirudi ofisi ile kwenye mapumziko ya mchana. Nuswe alimsikiliza huku amefumba macho, akisugua paji la uso.

"Kwa hiyo watu kadhaa," alisema, "kila mmoja akae naye kidogo. Kidogo ambacho hakimfikishi mtu kwenye nyekundu. Na wote pamoja wanamshikilia asiende bwenini."

"Inakatazwa?"

"Hakuna mahali panapokataza." Alifungua macho. "Sijawahi kuulizwa, kusema kweli. Watu huja hapa kuuliza namna ya kumwacha mtu." Akatafuta kitu kwenye kioo chake, akakiacha. "Wakibadilisha hesabu kesho, mimi sitakuwa na la kukusaidia. Na jua kwamba wewe mwenyewe utapungua. Huwezi kuwa kama ulivyo sasa. Utakuwa mmoja wao tu."

"Nimeelewa."

"Umeelewa kwamba na hao wengine wana watoto?"

"Hilo ndilo linalonikosesha usingizi," alisema Tusajigwe.

*

Mkutano wa wazazi ulifanyikia nje ya uzio, kwa sababu wengi wao hawakuruhusiwa ndani. Walikaa kwenye mawe na kwenye nyasi. Mwalimu Chengula alisimama upande wa ndani, mikono imeshika waya, kwa sababu yeye akitoka, shule ingebaki bila mtu mzima. Alisema alichokuwa nacho: kama darasa halitapata watu mpaka mwisho wa mwezi, litafungwa, na watoto watagawiwa bangili za masomo. Hakuwalaumu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Tusajigwe alisimama. Alikuwa amefikiria kuanza kwa mbali, akaona hana nguvu ya kuzunguka. Aliwaambia kaka yake alifanya nini, jina la mtoto aliyeumizwa, na jicho. Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akisema hadharani sababu yake. Kisha akawaeleza kuhusu vipimo viwili na jinsi vinavyosomwa.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Sekela, mwenye duka la pembejeo, ambaye mwanawe alikaa dawati moja na Lugano.

"Nikuelewe vizuri, Mama Lugano. Unataka tukakae na mtu aliyemtoa mtoto jicho, ili watoto wetu wasome."

"Ndiyo."

"Umejisikia unavyosema?"

"Nimejisikia. Nimetafuta namna nyingine ya kulisema, sikuipata."

"Na hii sheria ilitungwa kwa sababu. Kuna mama mahali fulani alilia mpaka ikatungwa. Sasa wewe umepata tundu la kupita."

Tusajigwe aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyawaza hayohayo akiwa kitandani, kwa maneno makali zaidi. "Sijui kama ni haki," alisema. "Najua tu kwamba nikimwacha hatakuwa na mtu, na nisipomwacha watoto hawana darasa. Kama kuna anayeona njia nyingine, nitamsikiliza."

"Watoto wasikanyage kule," alisema Mama Sekela.

"Hawatakanyaga. Hata wangu."

Hilo lilimtoka kabla hajalipima. Lugano, aliyekuwa akicheza na wenzake kando ya mfereji, hakusikia.

Baba Anyisile alikohoa. "Huyo mtu anashinda akifanya nini?"

"Analima magimbi. Jioni anasikiliza redio."

"Ana meza?"

"Anayo."

"Basi mimi nitakwenda Jumanne. Kushona nashona popote." Akageuka kwa Mama Sekela, kama anayejitetea. "Mimi nimekaa darasani peke yangu muhula mzima, dada. Sitaki kurudi kukaa peke yangu."

Mama Sekela alichukua mwavuli wake akaondoka, na wazazi wengine wakaondoka naye, wakiwa wengi kuliko waliobaki. Mama Tumpe alibaki. Wazee wawili wanaolea wajukuu walibaki. Mwanamke anayefuga ng'ombe kule mteremkoni, ambaye Tusajigwe hakulijua hata jina lake vizuri, alisema atajaribu mara moja, aone. Mwalimu Chengula, kutoka ndani ya uzio, aliandika majina yao kwa kalamu mkononi mwake mwenyewe, kwa sababu hakutaka kuyaingiza kwenye mashine ya shule.

*

Haikwenda kirahisi. Mzee mmoja alikwenda mara moja hakurudi. Mama Tumpe alikaa barazani siku yake yote bila kusema neno, mikono imekunjwa, akaondoka muda ulipofika. Idara ya uangalizi ilituma onyo kwamba kipimo cha Gwamaka kinateremka, likaja onyo la pili, na jioni hiyo Tusajigwe alikaribia kukimbilia kule nyuma ya migomba na kuuvuruga mpango wote. Alijizuia kwa kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Baba Anyisile ndiye aliyemsimulia, langoni, jinsi ilivyokuwa Jumanne ile ya kwanza.

"Nilimwambia, dada yako ametueleza, lakini niambie mwenyewe. Akasimama. Nikamwambia kaa. Akanieleza. Ilichukua muda, alikuwa anaanza na kuacha. Alipomaliza nikamuuliza kama huyo kijana Subilaga yuko hai, akasema hajui, hajawahi kuthubutu kuuliza." Alivuta sindano kutoka kwenye shati, akaichomeka tena palepale. "Kila anayekwenda anamuuliza. Anasema amesimulia mara nyingi zaidi siku hizi chache kuliko miaka yote aliyokaa gerezani."

"Anasemaje?"

"Anasema amechoka." Baba Anyisile alitabasamu kidogo. "Nikamwambia karibu."

Kipimo cha Gwamaka kilisimama juu kidogo ya mstari wa kupelekwa bwenini. Hakikupanda. Kabla mwezi haujaisha cha Tusajigwe kilishuka mpaka njano, na Nuswe akapiga muhuri, akamwita anayefuata.

Siku yake ya kwanza darasani, ukuta ulipowaka na kuwaita watoto kwa majina, Tusajigwe alikuwa nyuma kabisa kwenye kiti kifupi kilichoyabana magoti yake. Alipeleka watoto chooni. Aligawa uji, akafuta uliomwagika. Mtoto wa Mama Sekela alimpiga mwenzake kichwani kwa kitabu, na Tusajigwe akamshika mkono, akaushikilia, akashangaa jinsi ulivyokuwa mwembamba na jinsi mtu mzima alivyo na nguvu nyingi kuliko anavyodhani. Akauachia taratibu. Lugano alisimama akasoma ukurasa mzima. Alikwama mara moja, akaendelea.

Mama Sekela alimpokea mwanawe langoni mchana. Walitazamana na Tusajigwe. Mama Sekela akasema, "Alikula uji?" Tusajigwe akasema alikula. Wakaishia hapo.

Njia fupi ya kurudi nyumbani ilipita nyuma ya migomba. Haikuwa siku yake. Alikuwa na siku moja kwa wiki, na ilikuwa imeshapita. Alitembea upande wa mbali wa njia, Lugano akiwa upande wa nje, na walipokaribia nyumba ya Gwamaka akasikia sauti ya mwanamke, yule wa ng'ombe, akieleza kuhusu ndama anayekataa kunyonya. Kisha akamsikia kaka yake akijibu. Alikuwa anauliza maswali. Alikuwa anaeleza jinsi baba yao alivyokuwa akimpaka ndama maziwa puani, na akasahau kitu, akarudi nyuma kukieleza upya, akacheka. Alikuwa anaongea maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia yeye tangu atoke gerezani.

Tusajigwe alisimama. Bangili ilitetemeka kidogo mkononi, kama inavyofanya inapoanza kupima.

"Mama, tunaingia?" aliuliza Lugano kwa sauti ya chini.

"Hatuingii."

"Kuna nani?"

"Mgeni wake."

Mtoto alifikiri, halafu akauvuta mkono wa mama yake, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza tena. Tusajigwe alifungua kitenge akamfunika kichwa, wakapita.